Kubahatisha kwa Pesa za Mwenzako

Kuna gari lisilowaka kabisa, na kuna gari linalowaka halafu linazima. Ukimwambia mtu achague moja kati ya hayo mawili, wengi watachagua la pili, kwa sababu linaonekana kama limebakisha pumzi. Lakini waulize waliowahi kuishi nalo. Gari lisilowaka ni kama mtu aliyekunyima ulichomwomba: umejua msimamo wake, unatafuta njia nyingine. Linalowaka likazima ni mdeni anayekuambia "njoo kesho". Unaingia asubuhi, unazungusha ufunguo, injini inanguruma, unafunga mkanda. Kisha kimya.

Matumaini hayo madogo ndiyo yanayoalika ubahatishaji. Boneti likiinuliwa mtaani, watu hukusanyika kama nzi kwenye embe. "Hiyo ni plagi." "Wapi! Hiyo ni pampu. Ya shemeji yangu ilifanya hivyo hivyo." "Umeweka petroli mbaya, bro." Kwa dakika tano utakuwa na majibu matano, na hakuna hata mmoja aliyeligusa gari. Watu hao hawana ubaya. Maneno ni ya bure, na kukaa karibu na mwenye shida ni utu.

Mambo hubadilika pale mmoja wao anaposhika spana, na mwenye gari anapotoa pochi. Hapo ndipo ninapotaka kuuliza: kubahatisha kwa pesa za mwenzako ni kosa la aina gani? Je, ni upungufu wa ujuzi tu, jambo la kusikitikiwa, au ni kosa la kimaadili, jambo la kulaumiwa? Mimi nasema ni la kimaadili. Na ili nilionyeshe hilo sina budi kuingia kwanza chini ya boneti, kwa sababu maadili ya kazi hukaa ndani ya kazi yenyewe. Huwezi kusema fundi ametenda haki au hajatenda kabla hujajua ni nini alichoweza kukijua.

Gari limeshasema

Injini ya petroli inataka mambo manne: petroli, hewa, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche inayofika kwa wakati wake. Gari likiwaka hata kwa sekunde mbili, limeshatoa ushahidi mkubwa. Kwa sekunde hizo mbili vyote vinne vilikuwepo. Betri ina nguvu ya kuzungusha stata, stata yenyewe inafanya kazi, na mgandamizo upo, maana mgandamizo si kitu cha kuja na kuondoka ndani ya sekunde mbili. Kwa hiyo swali si "gari hili lina nini?" Swali ni: kitu gani kilikuwepo kikaondoka, na kimeondoka lini?

Neno "lini" ndilo lenye uzito. Tuchukue gari la zamani, lenye kabureta na pointi, lisilo na kompyuta. Likizima wakati ule ule unapoachilia ufunguo urudi nyuma, hilo ni jambo moja. Magari mengi ya miaka ya 70 yalijengwa na njia mbili za kupeleka umeme kwenye koili. Wakati stata inazunguka, nguvu ya betri hushuka, kwa hiyo koili hupewa umeme moja kwa moja ili cheche isiwe dhaifu. Injini ikishashika na ufunguo ukarudi, umeme hupita njia ya pili, kupitia kipande kidogo cha kauri chenye waya ndani, kinachopunguza nguvu ili koili na pointi zisiungue. Waya huo ukikatika, gari litawaka kila mara na litazima kila mara. Litakuwa na cheche ya kuanzia na kukosa cheche ya kuendelea.

Likiwaka, likaunguruma vizuri kwa nusu dakika, kisha likaanza kukohoa na kufa polepole, hilo ni jambo jingine. Kabureta ina kibakuli chake kidogo cha petroli. Petroli iliyomo inatosha kuwasha na kuunguruma kwa muda mfupi. Ikiwa pampu ni dhaifu, au filta imeziba kwa kutu ya tanki, injini itakunywa kilichomo kibakulini na kufa kwa kiu. Ukiliacha likae, kibakuli kitajaa tena kidogo kidogo, nalo litakupa nusu dakika nyingine.

Likizima tu unapoondoa mguu kwenye mafuta, lakini ukilikanyagia linaishi, angalia njia ndogo ya petroli ya kuunguruma taratibu, au mahali ambapo hewa inaingia bila ruhusa. Vuta choki kidogo. Likitulia, limekuambia kwamba hewa imezidi petroli.

Likienda robo saa nzima kisha likafa kana kwamba limenyongwa, fungua kifuniko cha tanki na usikilize. Petroli inapotoka tankini, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Tundu dogo la kuingizia hewa likiziba, tanki hujivuta lenyewe mpaka pampu inashindwa. Ukisikia mvumo wa hewa ikiingia na gari likawaka tena, umepata jibu bila kutoa shilingi.

Na likifa likiwa na joto, likakataa, kisha likapoa na kuwaka kama halikuwa na tatizo, shuku koili au kondensa inayochoka kwa joto, au petroli inayochemka ndani ya mrija. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo petroli inavyochemka kwa joto la chini zaidi.

Kuna na lile ambalo watu husahau. Baadhi ya magari ya hapa kwetu yalifungwa vifaa vya kukata umeme ili mwizi asifike mbali: unawasha, unaenda mita chache, linazima mpaka ubonyeze swichi iliyofichwa. Gari likishapita mikono mitatu, mnunuzi wa mwisho hajui hata kama swichi hiyo ipo. Gari kama hilo halina ugonjwa. Linatii amri ya mtu aliyeliuza zamani.

Tazama basi: dalili ni ile ile moja, "linawaka, linazima", lakini nyuma yake kuna sababu sita, na karibu kila moja ina kipimo chake cha bei ndogo au cha bure. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini kila mkulima anajua kuna mawingu yanayopita tu. Hakuna anayepanda mbegu zote za ghalani kwa sababu ameona wingu moja.

Datsun ya Mwalimu

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, na sote tunamwita Mwalimu. Ana Datsun 160J, aina ile ile ambayo Shekhar Mehta alishinda nayo mbio za Safari Rally mwaka 1979 na 1980. Vijana wa mtaa huicheka. Yeye humpeleka nayo mkewe kliniki ya kisukari kila mwezi, na hurudi na magunia mawili ya viazi kutoka Limuru ya kuuza, kwa hiyo kucheka kwao hakumkoseshi usingizi.

Gari lilipoanza kuwaka na kuzima, lilivutwa hadi gereji moja. Likakaa wiki tano. Kwanza zikabadilishwa plagi, halafu koili, halafu pampu ya mafuta, halafu kabureta ikafunguliwa na kuwekwa spea mpya za ndani. Kila baada ya kipande Mwalimu alipigiwa simu: "Mzee, tumepata shida. Sasa itakuwa sawa." Alipofika, gari liliwaka, likazima. Pesa zilifika Sh18,400. Mwishowe akaambiwa injini yenyewe imechoka, mgandamizo umekwisha, afadhali auze kwa kilo. Siku ya pili yake akaja mnunuzi wa vyuma vikuukuu, na hakuna aliyesema ametumwa na nani.

Hapo ndipo mkewe alipokataa. "Gari imechoka na inashika kila asubuhi? Mimi nikichoka siamki." Sijawahi kusikia hoja fupi ya namna hiyo ikiwa na mantiki nyingi hivyo. Bila kujua jina la kipande hata kimoja, mama yule alikuwa ameona walichokosa kukiona mafundi: kwamba injini isiyo na mgandamizo isingekuwa inashika kila siku, na kwamba hukumu hiyo haikukubaliana na ushahidi.

Likaletwa fundi mwingine, mtu wa makamo anayefanyia kazi kando ya barabara, bila bango. Nilikuwepo. Hakufungua boneti. Aliuliza kwanza.

"Mwalimu, ikizima, huwa umeshaachilia ufunguo ama bado umeushika?"

"Sijawahi kuangalia hilo, kijana wangu."

"Washa. Ikishika usiachilie. Sekunde moja tu, halafu uachilie nikikuambia."

Gari likashika, likanguruma huku stata ikilia. "Achilia." Likazima saa ile ile. "Rudia." Likafanya vile vile. Akarudia mara ya tatu, ingawa sote tulikuwa tumeshaona.

"Moto unakatika ukirudisha ufunguo," akasema. "Lakini kama ni swichi ama ni kitu kingine, bado sijui. Ngoja nijue."

Akatoa taa ndogo ya kupimia yenye waya mbili. Akaigusisha kwenye koili: wakati wa kuzungusha stata ilimulika, ufunguo uliporudi ikazima. Akarudi nyuma hatua moja, kwenye kipande cha kauri. Upande unaotoka kwenye swichi taa ilimulika. Upande unaoenda kwenye koili ilikataa. "Swichi haina makosa. Ni hiki." Akaunganisha waya mfupi kukikwepa kipande kile, gari likawaka na kubaki likiunguruma. Mama akapiga makofi. Fundi akalizima. "Huu waya ni wa kupimia, si wa kuendeshea. Ukiacha hivi utaunguza pointi. Nunueni hiki, hata kilichotumika."

Kilipatikana Barabara ya Kirinyaga kwa Sh700.

Nyudhuru tatu

Sitaki kusema kwamba wale wa gereji walikuwa wezi. Labda mmoja alikuwa, labda hakuna. Swali langu lingekuwa rahisi mno kama wangekuwa wezi, maana wizi hauhitaji insha. Tuseme walikuwa watu wa kawaida, wenye nia njema, waliokuwa na kazi nyingi. Je, walimkosea Mwalimu?

Udhuru wa kwanza ni kwamba walikuwa wanajaribu kusaidia. Ni kweli, lakini nia njema haijibu swali la nani anayebeba hasara. Mtu akibahatisha kwa pesa zake, akikosa anaumia mwenyewe, na maumivu hayo humfundisha. Akibahatisha kwa pesa za mwingine, makosa hayamfundishi chochote, kwa sababu hayamuumi. Anaweza kukosa mara nne mfululizo na kila mara akalipwa. Kazi ambayo mtu hulipwa sawasawa akikosa na akipata itamvuta polepole kwenye uvivu, hata akiwa mcha Mungu.

Udhuru wa pili ni kwamba vipande vile vilikuwa vikuukuu hata hivyo, na ipo siku vingebadilishwa. Udhuru huu una hila, kwa sababu nusu yake ni kweli. Gari la zaidi ya miaka 40 halikosi kitu cha kubadilishwa. Lakini Mwalimu hakuja kuuliza ni vitu gani vimezeeka. Alikuja kuuliza kwa nini gari linazima. Kumjibu swali ambalo hakuuliza, kisha kumlipisha kana kwamba umemjibu alilouliza, ni kumdanganya kwa kweli tupu. Wanasiasa wetu wanaijua mbinu hii vizuri: wananchi huuliza maji, wao hufungua barabara, na barabara kweli ilihitajika.

Udhuru wa tatu ndio mzito zaidi: "mwishowe ingepona." Tuseme kipande cha tano walichobadilisha kingekuwa ndicho. Gari lingewaka, Mwalimu angefurahi, gereji ingesifiwa. Je, kosa lingekuwa limefutika?

Mwaka 1877 mwanafalsafa Mwingereza W. K. Clifford aliandika insha juu ya maadili ya kuamini, na ndani yake akaweka mfano wa mwenye meli. Meli ni kuukuu, imetengenezwa mara nyingi, na mwenyewe ana wasiwasi kama itafika salama. Kuikagua ni gharama. Basi anajituliza: imesafiri mara nyingi, Mungu atailinda, waliojenga walikuwa mafundi wazuri. Anaamini kwa moyo wote kwamba itafika, anaiachia iende na abiria, inazama, naye anachukua bima. Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile, ingawa aliamini kwa dhati, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Halafu anauliza: na kama meli ingefika salama? Hatia ni ile ile. Tofauti ni kwamba haingegunduliwa.

Nakubaliana naye, na nadhani gereji inatuonyesha jambo moja zaidi. Anayepata kwa bahati haachi nyuma ujuzi wowote. Fundi wa kwanza angepata kwa kipande cha tano, kesho likija gari jingine linalowaka na kuzima, angeanza tena na plagi, na safari hii angejiamini zaidi. Yule wa taa ya kupimia, hata akikosa, anajua ni wapi amekosea, kwa sababu kila hatua yake ilikuwa swali lenye jibu la ndiyo au hapana.

Nani hulipia kufikiri?

Haki inataka tugeuze taa ile ituangalie sisi wateja pia. Fundi yule aliomba Sh1,500 kwa kazi yake. Mwalimu alilipa bila neno. Lakini kijana wake, aliyekuwa amesimama hapo, alinong'ona kwa sauti ya kusikika: "Elfu moja mia tano kwa kugusa waya?"

Kijana huyo ndiye ninayemwogopa, kwa sababu tuko naye wengi. Hakulalamikia Sh18,400, maana aliziona: plagi zinang'aa, koili imo kwenye boksi lake, pampu ina uzito mkononi. Kufikiri hakuna boksi. Tumezoea kulipa kitu na kunyima malipo kwa akili iliyotuambia kitu hicho hakihitajiki. Fundi anayekaa saa mbili akifuatilia umeme, kisha akakuambia una waya uliolegea, ataambiwa achukue "ya chai". Anayekuuzia pampu usiyoihitaji atapata faida ya pampu, chake kidogo kutoka dukani, na malipo ya kuifunga. Halafu tunashangaa kwamba mafundi wanapenda pampu.

Sisi ndio tunaosema "harakisha boss, nina safari." Sisi ndio tunaoficha habari. Fundi anauliza, "Ilianza lini?" Tunajibu, "Ilianza tu." Hatusemi kwamba wiki iliyopita tuliweka petroli ya mtungi, au kwamba binamu alifunga redio na kukata waya asiojulikana. Tunaona haya, au tunadhani fundi hodari anapaswa kujua mwenyewe, kama mganga. Anayetaka mganga atapata mganga: mtu mwenye jibu la haraka, sauti ya uhakika, na dawa ya kuuza.

Hili halimwondolei fundi wajibu wake. Linaonyesha tu kwamba uongo wa kitaalamu hukua mahali ambapo ukweli hauna bei. Ukitaka watu wakuambie "bado sijui", usiwaadhibu wanaposema hivyo.

Kubahatisha kunakoruhusiwa

Mtu ataniuliza: kwani maisha yanawezekana bila kubahatisha? Umekwama Salgaa saa nne usiku, malori yanapita, watoto wako ndani ya gari. Utakaa kupima waya mmoja mmoja? Hapana. Hapo utabahatisha, na fundi atakayekusaidia atabahatisha, na Mungu awabariki nyote. Hata kwenye gereji tulivu, kila uchunguzi huanza na dhana. Yule wa taa naye alidhani kabla ya kupima, ndiyo maana aliuliza kuhusu ufunguo na si kuhusu magurudumu.

Kwa hiyo kubahatisha kwenyewe si kosa. Kosa ni kulivisha bahatisho nguo za ujuzi. Fundi anayesema, "Sina hakika, nadhani ni filta, ni bei ndogo, tujaribu, isipokuwa hiyo nitakurudishia ya zamani," amembahatishia mtu mzima aliyekubali kubahatishiwa. Anayesema "tumepata shida" kabla hajapata chochote, amemnyang'anya mwenzake haki ya kuamua kama anataka kucheza kamari hiyo. Pesa ni sehemu ndogo ya hasara hiyo. Mwalimu alikaribia kuuza gari zima kwa kilo, si kwa sababu hakujua, bali kwa sababu wasiojua walizungumza kama wajuao.

Mwingine atasema siku hizi kuna mashine. Chomeka kompyuta, itakuambia. Ni kweli kwamba magari mapya yana mfumo wa kujikagua. Marekani ililazimisha soketi ya aina moja kuanzia magari ya modeli ya 1996. Lakini mashine husoma malalamiko, haitoi hukumu. Ikiandika kwamba kipimo cha hewa kinatoa habari isiyo ya kawaida, huenda kipimo ni kibovu, huenda waya wake umekatika, huenda mrija una ufa na kipimo kinasema ukweli mtupu. Nimewaona wanaosoma namba kwenye kioo na kwenda moja kwa moja dukani. Huo ni ubahatishaji ule ule, umevaa tai.

Wala jambo hili haliishii gereji. Kwa miaka mingi kila homa kwetu ilikuwa malaria, na kila malaria ilikuwa vidonge. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, kwa sababu homa ni dalili, na nyuma ya dalili moja kuna magonjwa mengi. Mtoto anayeanza muhula vizuri kisha akafifia, tunamwita mvivu na kumwongezea masomo ya ziada, kabla ya kuuliza alianza kufifia lini: baada ya kuhamishwa dawati? Baada ya baba kupoteza kazi? Baada ya macho kushindwa kuona ubao? Naye pia ameshasema. Kuwaka kwake mwanzoni kulikuwa ushahidi kwamba akili ipo.

Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi, alikwenda vijijini kuzungumza na wazee, na mwaka 1990 akachapisha kitabu *Sage Philosophy* kutokana na kazi hiyo. Humo alitofautisha wenye hekima wa aina mbili. Kuna anayejua vizuri yale ambayo jamii yake inaamini, na anaweza kukusimulia yote. Na kuna anayeyajua hayo, kisha akayasimamisha mbele yake na kuyauliza: kwa nini? Una sababu gani? Wote wawili wana heshima yao, lakini wa pili ndiye aliyemwita mwanafalsafa, hata kama hajawahi kuingia darasani.

Ninapofikiria tofauti hiyo naona mafundi. Kuna anayejua kwamba "Datsun zikizima huwa ni pampu." Ni elimu, ameipata kwa miaka, na mara nyingi itamfaa. Na kuna anayejua hivyo hivyo lakini akaulizia ufunguo kwanza. Tofauti kati yao haiko kwenye wingi wa wanayoyajua. Iko kwenye kile wanachofanya katika dakika ile ambapo hawajui bado, na mteja amesimama pembeni akingoja kuambiwa.

Dakika hiyo ndiyo ninayoiona kuwa ya kimaadili kuliko zote kazini. Haina shahidi, na ukidanganya ndani yake hakuna atakayejua. Jibu la uhakika litakupa heshima papo hapo, na "bado sijui" inaweza kukupotezea mteja anayekwenda kwa jirani mwenye sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo anayeisema amejitoa kidogo kwa ajili ya mtu asiyeweza kumkagua. Hilo silo jambo dogo.

Sisi tunaongoja pembeni tunaweza kufanya neno moja. Akituambia ni pampu, tumwulize kwa upole, "Umejuaje?" Anayejua hakasiriki kwa swali hilo, atakuonyesha taa inapomulika na inapokataa. Na akijibu kwamba bado hajui, tumvutie kiti, tumnunulie chai, kisha saa zake mbili tuzilipe kama tunavyolipa pampu.